Samaki Katika Jina la Joka

Katika lugha ya Kifini joka huitwa lohikäärme. Mwanafunzi wa lugha hiyo, baada ya miezi michache tu ya masomo, hupata uwezo wa kulipasua neno hili vipande viwili ambavyo amekwisha kuvijua: lohi, yaani yule samaki wa maji baridi ya kaskazini aitwaye samoni, na käärme, yaani nyoka. Joka, basi, ni nyoka-samoni. Mwanafunzi hucheka, halafu huanza kutafuta sababu. Labda Wafini wa kale waliishi kwa uvuvi, na kila kikubwa wakakipima kwa samaki. Labda magamba ya joka yaliwakumbusha magamba ya samoni. Labda joka lao, tofauti na majoka ya watu wengine, lilikaa mtoni. Kila sababu inapendeza, kila moja inazaa hadithi, na hadithi ikishatamkwa darasani mara mbili tatu huhesabiwa kuwa ni elimu.

Sababu hizo zote ni batili, kwa kuwa hapo mwanzo katika neno hilo hamkuwa na samaki. Tunakusudia kueleza jinsi samaki alivyoingia, na kwa nini jambo hili dogo la nchi ya mbali linatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili. Wala Ufini si ngeni kabisa kwetu kwa upande wa lugha. Kati ya mwaka 1988 na 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki walishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kukusanya lahaja na fasihi simulizi za Waswahili. Ikiwa Wafini walikuja kuyasikiliza maneno yetu vijijini, si vibaya nasi tukakaa kitako saa moja tukasikiliza moja la kwao.

Yafaa kwanza tuseme machache juu ya lugha yenyewe. Kifini si ndugu wa Kiswidi wala wa Kirusi, ingawa Wafini wamekaa kati ya mataifa hayo mawili na kutawaliwa na yote mawili: na Uswidi kwa karne kadhaa hadi mwaka 1809, kisha na wafalme wa Urusi hadi walipojitangazia uhuru mwaka 1917. Ndugu wa Kifini ni Kiestonia, lugha za Wasami wa kaskazini na, kwa mbali sana, Kihungaria. Kama Kiswahili, Kifini hujenga maneno kwa kuambatisha vipande vyenye maana. Tofauti ni kwamba Kiswahili hupenda kutia vipande vingi mwanzoni, na Kifini huvitia mwishoni. Talo ni nyumba. Talossa ni ndani ya nyumba. Talosta ni kutoka nyumbani. Taloon ni kuingia nyumbani. Sisi kwa yote matatu twaweza kusema nyumbani, tukakiachia kitenzi kazi iliyobaki.

Zaidi ya viambishi, Kifini hupenda mno kuunganisha maneno mawili yaliyo kamili yakawa neno moja. Sanakirja, kitabu cha maneno, ni kamusi. Tulivuori, mlima wa moto, ni volkano. Rautatie, barabara ya chuma, ni reli. Maailma, nchi-hewa, ni ulimwengu. Na neno hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani ilma, ambayo leo ni hewa, hapo kale ilikuwa na maana ya mbingu pia, hata ulimwengu ukawa ni ardhi iliyo chini na anga iliyo juu, pasipo kuhitaji neno la tatu. Katika karne ya 19, Kifini kilipokuwa kinatafuta nafasi katika shule na ofisi ambamo Kiswidi kilitawala, njia hii ya kuunganisha ilitumika kwa bidii kubwa. Elias Lönnrot, yule daktari aliyekusanya nyimbo za wazee na kuchapisha utenzi wa Kalevala mwaka 1835, kisha toleo pana zaidi mwaka 1849, aliunda pia neno kielioppi, yaani elimu ya lugha, kwa maana ya sarufi. Mwaka 1863 Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi alitoa amri ya kukipa Kifini haki sawa na Kiswidi katika mambo yanayowahusu wasemaji wake, na hapo mahitaji ya istilahi yakazidi kuwa makubwa.

Maneno yaliyoundwa kwa makusudi namna hiyo hayamdanganyi mtu. Ukiyapasua, unapata kile alichokusudia muundaji, na mara nyingi muundaji mwenyewe anajulikana kwa jina. Ugumu huanza pale ambapo neno ni la zamani, halina muundaji anayejulikana, na limepita katika vinywa vingi. Lohikäärme ni la aina hii. Limo katika Kifini cha maandishi tangu karne ya 16, wakati Mikael Agricola, aliyesoma Wittenberg kwa Martin Luther na baadaye akawa askofu wa Turku, alipotoa Agano Jipya kwa Kifini mwaka 1548. Ufunuo wa Yohana una joka lenye vichwa saba, na hakuna mfasiri awezaye kuliruka.

Tuanze na nusu ya pili, maana haina matata. Käärme linahusiana na kitenzi kääriä, kuviringisha au kufunga kwa kuzungusha. Nyoka wa Kifini, basi, ni mjiviringishaji. Waestonia humwita nyoka madu, na ndugu wa neno hilo katika Kifini ni mato, ambalo leo ni mnyoo. Yaelekea Wafini waliliacha jina la kale la nyoka wakashika jina la sifa yake, labda kwa ile hofu ya kumtaja mdudu wa hatari kwa jina lake halisi, hofu ambayo wengi wa wasomaji wetu waliolelewa vijijini wanaifahamu, hasa usiku. Dubu naye walimfanyia vivyo hivyo: katika nyimbo zao za kale huitwa mesikämmen, kiganja cha asali. Hili tunalitaja kwa kupita tu.

Nusu ya kwanza ndiyo yenye kesi. Katika Kiswidi cha kale palikuwa na neno floghdraki. Kipande cha mwisho ni joka, ambalo kwa Kiswidi cha leo ni drake. Kipande cha kwanza ni cha kuruka angani, jamaa wa kitenzi flyga cha leo. Floghdraki ni joka lirukalo. Wafini walipolipokea neno hili walifanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Nusu ya mwisho, ambayo maana yake waliijua, waliitafsiri: joka likawa käärme, nyoka. Nusu ya mwanzo hawakuitafsiri; waliichukua kwa sauti yake. Nalo ndilo jambo tunaloliona la ajabu kuliko samaki yeyote: neno moja ambalo mguu mmoja umetafsiriwa na mguu mwingine umeazimwa.

Lakini flogh imekuwaje lohi? Hapa hatuhitaji kubahatisha, maana Kifini kina desturi inayojulikana. Lugha hiyo hapo kale haikuvumilia konsonanti mbili mwanzoni mwa neno. Neno geni likija na konsonanti mbili au tatu, Wafini waliziacha nje na kubakiza ile ya mwisho. Ufuko, ambao kwa Kiswidi ni strand, kwao ni ranta. Shule, skola kwa Kiswidi, ni koulu. Kiti, stol, ni tuoli. Bilauri, glas, ni lasi. Hata nchi ya Ufaransa ilipoteza herufi yake ya kwanza mpakani, ikawa Ranska. Kwa kanuni hiyo hiyo flogh lazima ipoteze f na kubaki na l. Sauti ya gh, ambayo si ya nyumbani, ikakaribiana na h. Kisha ikatakiwa irabu ya kufungia, kwa kuwa Kifini, kama Kiswahili, hupenda neno liishie kwa irabu. Umbo la zamani louhikäärme linaonyesha kwamba safari haikuwa ya hatua moja. Nalo umbo hilo lilikuwa na mtego wake, kwani louhi katika Kifini ni jiwe kubwa la mwambani, na katika Kalevala Louhi ni jina la bibi mkuu wa nchi ya Kaskazini. Mtu angeweza kuhadithia nyoka wa mwambani au nyoka wa yule bibi, na hadithi zote mbili zingekuwa tamu kuliko ya samoni.

Sikio la watu, hata hivyo, lilichagua samoni. Silabi zile hazikuwa na maana. Samaki alikuwa kila mahali, mtoni, sokoni na mezani. Na sauti zilikaribiana. Sikio halipendi kubeba silabi tupu. Likipata karibu yake neno linalolijua, hulivuta likaijaza nafasi. Hivyo ndivyo samaki alivyoingia katika jina la joka, pasipo mtu yeyote kuwahi kumwona joka mwenye asili ya samaki.

Wapo wanaoleta pia ushahidi wa Kiestonia. Huko joka huitwa lohe na samoni huitwa lõhe, irabu mbili tofauti kabisa masikioni mwa Mwestonia, na kwa hiyo katika lugha ndugu viumbe hivi viwili havichanganyiki. Ushahidi huu ni mzuri kuutaja darasani, lakini tusiutegemee peke yake, maana lugha ndugu nazo huazimana, na neno linaweza kuvuka ghuba likiwa limekwisha kubadilika sura. Ushahidi wa nguvu ni ile kanuni ya konsonanti, kwa sababu inafanya kazi katika maneno mengi ambayo hayana uhusiano wowote na majoka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linatufurahisha, na msomaji atatusamehe tukilikawilia. Tuseme kwamba yule mwanafunzi amekataa katakata, akashikilia kuwa samaki ni samaki na kwamba neno hili ni la Kifini tupu, mwanzo mpaka mwisho. Hata hapo hapati faida. Lohi lenyewe, jina la samoni, si la asili ya Kifini. Liliazimwa katika zama za kale mno kutoka lugha za Kibalti, jamii ya Kilatvia, ambamo samoni hadi leo huitwa lasis. Aliyekimbia kwa mgeni wa Kiswidi amejificha kwa mgeni wa Kilatvia.

Je, tuseme basi kwamba kila maana ya kushangaza inayotokana na kupasua neno ni ya uongo? La hasha. Kifini chenyewe kinatukanya. Yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe na zawadi, Wafini humwita joulupukki, na ukilipasua neno unapata beberu wa Krismasi. Hili ni la ajabu kuliko nyoka-samoni, na yeyote angedhani kuwa hapa pia sikio limechezea silabi. Kumbe ni kweli tupu. Katika nchi za kaskazini palikuwa na desturi ya vijana kuvaa ngozi na vinyago vya mbuzi wakati wa sikukuu ya majira ya baridi, wakazunguka nyumba kwa nyumba. Baadaye yule mzee wa zawadi alipoingia kutoka nchi nyingine alirithi nafasi ya beberu pamoja na jina lake. Beberu ametoweka, jina limebaki. Katika maneno haya mawili, basi, moja lina mnyama wa uongo na jingine lina mnyama wa kweli, na kwa kuyatazama tu hakuna awezaye kujua lipi ni lipi. Ajabu si ushahidi wa uongo, wala uzuri wa maelezo si ushahidi wa ukweli. Kinachoamua ni mambo mawili: kanuni za sauti, na historia ya watu waliolitumia neno.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani. Katika shule zetu elimu ya asili ya maneno hufundishwa mara nyingi kwa njia ya kupasua, na aghalabu mwalimu huishia hapo. Tutazame jina la Bagamoyo. Wengi hulipasua kuwa ni bwaga na moyo, kisha wakagawanyika. Wengine husema ni maneno ya mtumwa aliyeona bahari akajua kwamba harudi tena kwao, akauacha moyo wake pwani. Wengine husema ni maneno ya mpagazi aliyetoka bara, kutoka Unyamwezi na kwingineko, ambaye baada ya miezi ya njia na mzigo wa pembe za ndovu alifika mwisho wa safari akautua mzigo na wasiwasi pamoja. Kupasua ni kumoja. Hadithi ni mbili, nazo zinapingana: moja ya kukata tamaa, nyingine ya faraja. Mwalimu anayetoa moja tu kwa darasa lake kana kwamba imo ndani ya kitenzi bwaga anawanyima wanafunzi kazi yenyewe. Swali la nani alipita Bagamoyo katika karne ya 19, kwa wingi gani, akitoka wapi na akielekea wapi, ni swali la historia, na silabi nne haziwezi kulijibu.

Kuna mifano mibaya zaidi ya huo. Tumesikia maelezo yanayolipasua jina Mswahili kuwa ni siwa na hila, ili ionekane kwamba watu wa visiwani ni watu wa werevu mbaya. Maelezo haya hayana msingi wowote. Jina linatokana na neno la Kiarabu sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani, likavikwa viambishi vya Kibantu: m- kwa mtu, wa- kwa watu, ki- kwa lugha, u- kwa nchi na desturi. Tena inafaa kukumbuka kwamba hila nalo ni neno la Kiarabu, hata waliotaka kumtukana Mswahili kwa lugha yake wamelazimika kumtukana kwa neno la kuazima. Hadithi ya samoni haimdhuru mtu, hii inadhuru. Lakini zote mbili zimepikwa katika chungu kimoja, na mwalimu aliyezoea kuikubali ya kwanza kwa sababu inachekesha hana silaha ya kuikataa ya pili.

Neno hilo hilo sawahil limetumika pia katika ubishi mwingine ambao kila mwanafunzi wa sekondari huupitia, yaani ubishi juu ya asili ya Kiswahili. Wapo waliosema kwamba, kwa kuwa jina la lugha ni la Kiarabu na maneno ya Kiarabu ni mengi ndani yake, basi Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Huhesabu sita, saba na tisa. Huhesabu damu na roho, wakauliza: lugha gani ya asili huazima hata neno la damu? Jibu tunalo sasa. Kifini kimeazima neno la mama. Äiti, ambalo kila mtoto wa Kifini humwitia mama yake, lilitoka katika lugha za kale zilizo jamaa ya Kijerumani na Kiswidi. Neno la asili, emo, limebaki zaidi kwa mama wa wanyama. Tytär, binti, na sisar, dada, yalitoka kwa Wabalti, kadhalika hammas, jino, na kaula, shingo. Kuningas, mfalme, ni geni. Rauta, chuma, lile lililomo ndani ya barabara ya chuma tuliyoitaja, ni geni pia. Hata hivyo hakuna mtaalamu anayesema kwamba Kifini ni Kijerumani au Kilatvia, kwa sababu talo huenda ikawa talossa, talosta na taloon kwa sheria ambazo Wajerumani na Walatvia hawakuzileta. Vivyo hivyo damu yetu humwagika, humwagwa na humwagiwa mtu kwa minyambuliko ya Kibantu, na vitabu vyetu vitatu vizuri vimesomwa kwa upatanisho ambao hakuna Mwarabu aliyeufundisha.

Tukifika kwenye kitabu tumefika kwenye samoni wetu sisi. Kitabu ni neno la Kiarabu, na silabi yake ya kwanza katika Kiarabu si kiambishi cha umoja. Konsonanti k ni sehemu ya mzizi wenyewe wa neno, pamoja na t na b. Lakini Mswahili alisikia ki-, na ki- alikuwa nayo nyumbani, katika kiti, kisu na kikapu. Sikio lake likavuta, kama sikio la Mfini lilivyovuta, na kitabu kikazaa vitabu. Baadaye kilabu ikazaa vilabu. Hata kile kizunguko cha njia panda ambacho madereva wetu hukiita kipilefti, kwa sababu ya kibao cha Kiingereza kilichowaamuru washike kushoto, kimepata wingi wake, vipilefti, pasipo kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa upande wa konsonanti mwanzoni mwa neno, Kifini na Kiswahili vilikuta kikwazo kimoja vikakivuka kwa njia mbili: Mfini hukata, Mswahili hupachika. Kwake glas imekuwa lasi. Kwetu jamaa yake wa Kiingereza amekuwa gilasi, na pamoja naye wamekuja burashi na dereva.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu watenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Kama maelezo ya historia, nyoka-samoni ni kosa, na ki- ya kitabu kuwa kiambishi cha asili ni kosa. Kama kitendo cha lugha, yote mawili ni kazi halali, tena kazi ya nguvu, maana ndivyo lugha inavyomfanya mgeni kuwa mwenyeji. Neno lililobaki na sura yake ya kigeni ni rahisi kulifukuza. Katika karne ya 19 wapenzi wa Kifini walifanya juhudi kubwa ya kuyatoa maneno ya Kiswidi na kuweka ya kwao mahali pake, na maneno mengi tuliyoyataja yalizaliwa katika juhudi hiyo. Lohikäärme limesalia mpaka leo. Limevaa samaki na nyoka wa nyumbani, na kwa mavazi hayo nani angelishuku? Sisi pia tumewahi kuwasikia wanaotaka Kiswahili kisafishwe maneno ya kigeni. Tungependa kuwauliza wataanzia wapi na garimoshi, ambalo gari lake lilitoka Uhindi na moshi wake ni wa Kibantu. Na mwanasheria, ambaye mwana ni wetu na sheria ni ya Kiarabu. Na kipaza sauti, ambacho kinapaza kwa Kibantu sauti iliyoazimwa. Wakimaliza kukata, hawatabaki na neno, watabaki na nusu za maneno.

Hatusemi kwamba kuunda kwa mizizi ya nyumbani hakuna thamani. Maailma ni neno zuri, na lugha iliyoweza kuuita ulimwengu kwa vitu viwili vilivyo mbele ya macho ya kila mkulima imefanya jambo la kusifiwa. Sisi tuna dunia, iliyotoka Uarabuni, na hatuoni kwamba mkulima wetu ameipata ikiwa imepungua chochote.

Inabaki sehemu moja ambapo Kiswahili kilipita njia fupi kuliko Kifini, nayo ni joka lenyewe. Wafasiri wa Ufunuo wa Yohana kwa Kiswahili walikutana na mnyama yule yule mwenye vichwa saba. Hawakuhitaji kuazima chochote kutoka kwa jirani, wala kuunganisha maneno mawili. Lugha ilikuwa na nyoka, na ilikuwa na desturi ya kukuza: kama nyumba inavyokuwa jumba, nyoka huwa joka. Sauti moja ya mwanzo ilibadilishwa, na mnyama akakua mpaka akatosha kuburuta nyota za mbinguni. Mabawa hakupewa katika jina lake, lakini hata Wafini, walioazima neno zima la kuruka, waliyapoteza mabawa hayo njiani wakabaki na samaki.

Nyoka, naye, ni neno la kale sana la Kibantu; Wazulu husema inyoka, Wakikuyu na Washona husema nyoka kama sisi. Mwalimu anayetaka kuwajaribu wanafunzi wake baada ya somo hili anaweza kuwaandikia ubaoni maneno mawili, nyoka na nyooka, kisha akawauliza kama mnyama huyu alipata jina lake kwa sababu hujinyoosha. Bila shaka watakuwapo watakaokubali upesi, nao watatoa sababu nzuri: kwamba akikimbia hunyooka, kwamba fimbo na nyoka hufanana njiani. Wengine watasema kwamba nyoka hujikunja zaidi kuliko anavyonyooka, na kwamba Wafini wamemwita mjiviringishaji. Mwalimu asiwaache wabishane juu ya tabia za nyoka. Awaambie wasikilize irabu, kwamba moja ni fupi na nyingine ni ndefu, kisha wamwulize kila mwenzao mwenye lugha yake ya nyumbani anavyotamka nyoka na anavyotamka kunyooka, na waandike majibu safu mbili kwenye daftari.